Kibodi ni Mgeni: Siku ya Tatu Mpe Jembe

Katikati ya bendera ya Uganda, ndani ya duara jeupe, amesimama ndege aliyeinua mguu mmoja kana kwamba yu tayari kupiga hatua. Ni korongo mwenye taji, na amesimama hapo tangu tarehe 9 Oktoba, 1962, siku nchi ilipopata uhuru wake. Askari humpigia saluti bendera inapopandishwa asubuhi, na watoto wa shule humchora kwa kalamu za rangi. Katika lugha ya Kiganda ndege huyu huitwa eŋŋaali.

Lakini mwambie karani aketi mbele ya kompyuta ya kawaida, mojawapo ya zile zinazouzwa kila siku katika maduka ya Kampala, kisha aliandike jina hilo kama lipasavyo kuandikwa. Mara vidole vyake vitasita hewani. Ataitazama kibodi safu ya juu, ataitazama safu ya chini, wala herufi ŋ hataiona. Mwishowe ataandika n na g, pengine na alama ndogo ya juu, pengine bila alama, naye ndege wa taifa atabaki na jina ambalo si lake.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Si dogo hata kidogo kwa mtu ambaye jina lake mwenyewe, au jina la ukoo wake, limebeba sauti hiyo. Askari anapostaafu, au anapofariki, faili lake ndilo linalobaki kumsemea. Jina lililoandikwa kwa namna moja katika karatasi hii na kwa namna nyingine katika karatasi ile laweza kumfanya mjane apande ngazi za ofisi mara tatu kwa jambo la kumalizika mara moja. Makosa ya namna hiyo hayatoki daima katika uzembe. Mara nyingi hutokea kwa sababu mwandishi alikosa kitufe, akabuni njia yake, na mwenzake wa meza ya pili akabuni yake.

Dawa ipo, tena haihitaji fedha. Kompyuta yaweza kufundishwa. Mtu aweza kuiambia: "Nikibonyeza vitufe hivi pamoja, niandikie herufi hii," nayo ikatii siku zote. Mafunzo hayo ndiyo huitwa kutengeneza njia za mkato za kibodi.

MTAA WA WAPIGA CHAPA

Anayetaka kuona umuhimu wa jambo hili kwa macho yake na afike Nasser Road, mtaa wa katikati ya Kampala uliopewa jina la Gamal Abdel Nasser wa Misri, jirani na Nkrumah Road iliyopewa jina la Kwame Nkrumah wa Ghana. Hapo ndipo nyumbani kwa kazi ya chapa katika Uganda. Vitabu vya risiti, kadi za harusi, mabango ya siasa, kalenda, vitambulisho vya shule na ratiba za mazishi, vyote hupangwa na kuchapwa katika vyumba vidogo vilivyobanana ghorofa juu ya ghorofa. Polisi nao wanaufahamu mtaa huo kwa sifa yake nyingine, ile ya hati za kughushi. Lakini walio wengi hapo ni watu wa jasho halali, wanaoshinda mbele ya kioo cha kompyuta toka asubuhi hadi giza.

Mteja mmoja huleta kadi ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kijana kujitambulisha ukweni. Katika kadi hiyo ukoo wa bwana na ukoo wa bibi ni lazima utajwe. Sasa ikiwa bwana ni wa ukoo wa Ŋŋonge, yaani wa fisi maji, na bibi ni wa ukoo wa Ŋŋaali, yaani wa korongo yule yule wa bendera, mpangaji wa kadi ana herufi nne za ŋ za kuandika katika mistari miwili, mbili kati yake zikiwa kubwa. Akiziandika ovyo, wazee wa pande zote mbili watazisoma ovyo mbele ya wageni. Kadi mia mbili zikishakauka wino hazirekebishwi tena, na hasara huwa ya mwenye duka.

Utaratibu wa kuandika Kiganda ulisanifiwa mwaka 1947, na herufi ŋ ilipewa nafasi yake kamili. Hata hivyo, kwa kuwa haikuwamo katika taipureta za kawaida, wala baadaye katika kibodi za kompyuta, watu walizoea kuweka ng' mahali pake. Mbadala huo si haramu. Kiswahili chenyewe hutumia ng' katika ng'ombe na ng'ambo. Taabu ya Kiganda ni kwamba konsonanti zake aghalabu hukazwa kwa kuandikwa mara mbili. Hapo ŋŋ yenye herufi mbili hugeuka kuwa ng'ng', msafara wa alama sita, na jina zuri la ndege likawa kama uzio wa miiba.

Si Kiganda peke yake. Waacholi wa kaskazini wanayo sauti hiyo, na Wakaramoja wa kaskazini mashariki huiandika mwanzo na mwisho wa jina la lugha yao, Ŋakarimojoŋ. Katika jeshi na polisi, ambako vijana wa pembe zote za nchi huandikishwa katika daftari moja, karani hukutana nayo kila siku.

MGENI ASIYEFUNDISHWA KAZI

Kibodi ya kompyuta ni mtoto wa taipureta. Mpango wake wa herufi, unaoanza na Q, W, E, R, T na Y, ulitokana na mashine ya Mmarekani Christopher Latham Sholes na wenzake, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Mashine hiyo iliundwa kwa ajili ya Kiingereza. Hakuna aliyefikiria Kiganda wala Kiswahili, na hapana sababu ya kumlaumu fundi kwa kutojua lugha asizozisikia.

Matokeo yake lakini ni ya ajabu kidogo. Kiswahili sanifu hakina kazi ya q wala ya x, na Kiganda vilevile. Herufi hizo mbili zimekaa katika viti vya mbele kwenye kila meza ya Kampala kama wageni waheshimiwa, ilhali ŋ, mtoto wa nyumbani, amesimama mlangoni. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kibodi hii imekuwa mgeni kwa vizazi vitatu. Wakati wake wa kushika jembe umewadia.

Uwezo wa kumpa jembe ulikuja pale kampuni za kompyuta zilipokubaliana kuipa kila herufi ya dunia namba yake. Mpango huo huitwa Unicode, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Humo ŋ ndogo ina namba 014B, na Ŋ kubwa ina namba 014A. Kwa hiyo herufi imo tayari ndani ya kompyuta yoyote ya siku hizi. Kinachokosekana ni mlango wa kuitokea tu.

NJIA YA MKATO NI NINI?

Mama wa nyumbani anaijua njia ya mkato kabla hajaiona kompyuta. Chumvi haiweki juu ya kabati, huiweka pale mkono unapofika. Vivyo hivyo njia ya mkato ya kibodi ni kuweka kazi ya mara kwa mara pale vidole vinapofika, badala ya kwenda kuitafuta kwa kipanya ndani ya orodha ndefu.

Nyingine zimo tangu kiwandani. Anayebonyeza Ctrl pamoja na C hunakili, na anayebonyeza Ctrl pamoja na V hubandika alichonakili. Kazi hiyo ya kukata, kunakili na kubandika ilibuniwa na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko California. Tesler alihamia kampuni ya Apple, na mwaka 1983 kompyuta yake iliyoitwa Lisa ikazitumia herufi Z, X, C na V kwa kutengua, kukata, kunakili na kubandika. Vitufe hivyo vinne vimepangana katika safu ya chini, upande wa kushoto, karibu na kitufe cha kuamrisha. Hivyo mkono wa kushoto hufanya kazi na wa kulia hukaa na kipanya. Tesler alifariki Februari 2020, na njia zake hutumiwa kila siku na watu wasiolijua jina lake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtumiaji mwenyewe aweza kuongeza zake.

Faida ya kwanza ni wakati. Tuseme mpiga chapa huacha kibodi na kushika kipanya mara 300 kwa siku, na kila safari humla sekunde 4. Hizo ni sekunde 1,200, yaani dakika 20. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, dakika hizo hufika 440, ambazo ni saa saba na dakika ishirini: siku nzima ya kazi kwenda na maji kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukitoboa. Faida ya pili ni afya ya kifundo cha mkono, kinachochoka kwa kwenda na kurudi. Faida ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni usawa wa maandishi: kitufe kile kile huleta herufi ile ile, aliyeketi awe mzoefu au mwanafunzi.

HATUA KWA HATUA

Maelezo haya ni ya programu ya Word katika kompyuta za Windows, kwa kuwa ndiyo ionekanayo katika ofisi nyingi. Maneno ya Kiingereza yametajwa kama yanavyosomeka kwenye kioo.

Kwanza, fungua karatasi mpya. Bonyeza "Insert", kisha "Symbol", kisha "More Symbols". Dirisha lenye herufi nyingi litafunguka. Chini yake, kwa upande wa kulia, hakikisha pameandikwa "Unicode (hex)", kisha katika kisanduku cha "Character code" andika 014B. Herufi ŋ itajichagua yenyewe.

Pili, katika dirisha hilo hilo, bonyeza "Shortcut Key". Dirisha jingine litakuja na kusubiri. Sasa bonyeza pamoja vitufe unavyotaka viwe njia yako. Ctrl, Alt na Q ni chaguo jema, kwani q haina kazi nyingine katika lugha hizi na hivyo haisahauliki: aliyekuwa mgeni sasa ndiye anayemfungulia mwenyeji mlango. Tazama maneno "Currently assigned to". Ikiwa yanaonyesha kwamba vitufe hivyo vina kazi nyingine, chagua vingine. Ikiwa viko huru, bonyeza "Assign", kisha funga.

Tatu, rudia kwa herufi kubwa kwa kutumia namba 014A, ukiongeza Shift. Baada ya hapo eŋŋaali huandikwa bila vidole kusita.

Kwa aliye na haraka na hataki kutengeneza chochote, ipo njia ya dharura. Andika 014b, kisha bonyeza Alt pamoja na X, na namba itageuka kuwa ŋ. Hapa lakini pana mtego mdogo uliowakatisha tamaa wengi. Herufi a hadi f huhesabiwa na kompyuta kuwa sehemu ya namba za aina hiyo. Basi anayeandika e na kuifuatisha 014b, ili apate mwanzo wa eŋŋaali, atapata kioja, kwa sababu mashine imeisoma e kuwa tarakimu. Dawa ni kuiandika ŋ kwanza mahali patupu, ndipo e irudishiwe mbele yake.

Njia ya mkato si lazima iwe ya herufi tu. Amri yoyote ya Word yaweza kupewa vitufe: bonyeza "File", "Options", "Customize Ribbon", kisha kitufe cha "Customize" kilicho chini karibu na maneno "Keyboard shortcuts". Wanaotumia LibreOffice, programu itolewayo bure, watalipata jambo hilo katika "Tools", "Customize", upande wa "Keyboard". Wapangaji wa kadi na mabango wanaotumia Photoshop au InDesign watafungua "Edit", kisha "Keyboard Shortcuts". Katika InDesign hutakiwa kwanza kuunda seti yao, kwani seti ya kiwandani haikubali kuguswa. Wenye CorelDRAW wataingia "Tools" na kutafuta sehemu ya "Customization".

Ofisi itakayotaka ŋ ipatikane katika programu zote, wala si Word peke yake, itahitaji kibodi nzima iliyofundishwa upya. Microsoft hutoa bure programu iitwayo Keyboard Layout Creator, ambayo huchukua kibodi ya kawaida na kuruhusu ŋ iketi chini ya kitufe cha n, ikiitwa kwa kubonyeza AltGr, yaani Alt ya upande wa kulia. Shirika la SIL nalo hutoa bure Keyman, yenye kibodi za lugha nyingi sana za dunia. Kazi hii yataka ruhusa ya msimamizi wa mashine, basi mtumishi asiifanye kwa siri.

MANENO MAREFU KWA HERUFI CHACHE

Iko ndugu ya njia ya mkato inayofaa zaidi kwa maneno marefu. Huitwa "AutoCorrect". Ilitengenezwa ili kusahihisha makosa ya vidole, lakini mwerevu huitumia kama karani msaidizi. Katika Word, fuata "File", "Options", "Proofing", "AutoCorrect Options". Katika kisanduku cha "Replace" andika kifupi, na katika "With" andika maneno kamili, kisha "Add".

Kwa mfano, kifupi knsy chaweza kuleta "Kambi ya Polisi ya Nsambya, Kampala". Kifupi htd chaweza kuleta "Kwa heshima na taadhima". Anayeandika barua kumi kwa siku atashukuru. Sharti ni moja: kifupi kisiwe neno la kweli katika lugha yoyote unayoiandika. Aliyechagua "baba" kuwa kifupi cha jina la mkuu wake atajuta siku ya kuandika barua ya nyumbani.

Yafaa ieleweke pia kwamba AutoCorrect hungoja neno limalizike ndipo ibadilishe. Kwa hiyo haifai kwa ŋ iliyo katikati ya neno. Herufi ipewe vitufe, na sentensi ipewe kifupi.

ALAMA NDOGO, MAKOSA MAKUBWA

Wapo watakaosema kwamba wao huandika ng' na wametosheka. Hao nao wana la kujihadhari. Alama hiyo ya juu, iitwayo ritifaa, ina sura mbili ndani ya kompyuta: iliyonyooka na iliyopinda. Kwa jicho la binadamu zafanana. Kwa mashine ni vitu viwili mbalimbali, kila kimoja na namba yake.

Word ina desturi ya kuipinda ritifaa yenyewe bila kuulizwa. Excel, ile programu ya majedwali, huiacha imenyooka. Basi jina kama Nyong'o likinakiliwa kutoka barua ya Word na kubandikwa katika jedwali, huenda likaingia na ritifaa iliyopinda. Kesho karani mwingine akilitafuta kwa kuliandika moja kwa moja katika Excel, yaani kwa ritifaa iliyonyooka, mashine itamjibu kwamba mtu huyo hayumo. Yumo, ila amevaa kofia nyingine. Ndivyo jina moja linavyoweza kuandikishwa mara mbili, au kukosekana katika orodha siku linapohitajika.

Suluhisho ni kuzima desturi hiyo. Katika dirisha lile lile la AutoCorrect, upande wa "AutoFormat As You Type", ondoa alama ya vema mbele ya maneno yanayohusu "smart quotes". Kwa mara moja tu, bonyeza Ctrl na Z mara baada ya kuandika ritifaa, nayo itajinyoosha. Ofisi nzima ikubaliane juu ya sura moja, na makubaliano hayo yaandikwe na kubandikwa ukutani.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Chombo chema hudhuru katika mkono usioangalia. Kwa hiyo yafaa kuzingatia haya.

Jina la mtu katika hati ya serikali liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho chake cha taifa, hata kama mwandishi anajua namna bora zaidi. Kurekebisha tahajia ya jina la mtu kwa hiari ya karani ni kumzulia balaa. Njia za mkato zimkumbushe karani kuwa sawasawa, zisimfanye hakimu.

Vitufe vilivyozoeleka na wote, kama Ctrl na S ya kuhifadhi, au Ctrl na Z ya kutengua, visibadilishwe. Umeme ukiyumbayumba, Ctrl na S ndiyo kinga ya kwanza ya kazi ya mchana kutwa, na hapaswi mtu kuigusa akakuta imegeuzwa kuwa jambo jingine.

Neno la siri, namba ya benki au ya fedha za simu visiwekwe kamwe katika AutoCorrect wala katika njia yoyote ya mkato. Atakayeketi hapo baadaye ataokota ufunguo ulioachwa mlangoni. Polisi wanaopeleleza wizi wa mitandao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kompyuta ya kukodi, au ya mwenzako, isibadilishwe bila idhini. Njia za Word huhifadhiwa katika mashine ile ile zilipotengenezwa, hazimfuati mtu. Basi ziandikwe katika kadi ndogo ya kubandikwa pembeni mwa kioo, ili fundi akiisafisha mashine, zirudishwe kwa dakika chache.

Mwisho, si kila mtindo wa herufi unaijua ŋ. Ile ya kawaida, kama Times New Roman na Arial, inayo. Mitindo ya madoido inayopendwa kwa kadi za harusi mara nyingi haina, na mahali pa ŋ huweka kisanduku kitupu au herufi ya mtindo mwingine. Mpangaji wa kadi achape moja ya majaribio, aisome kwa sauti, ndipo achape mia mbili.

NYUMBANI NA KAMBINI

Katika Uganda, Kiswahili kimekuwa lugha ya majeshi tangu siku za King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Askari wa leo huandika taarifa kwa Kiingereza, huzungumza na wenzake kwa Kiswahili, na humwandikia mama yake kwa lugha ya nyumbani. Kibodi yake ilizaliwa ikijua moja tu ya lugha hizo tatu. Kazi ya kuifundisha mbili zilizobaki ni yake.

Mke wa askari mwenye kompyuta iliyokwishatumika na mashine ndogo ya kuchapa aweza kuwaandikia jirani zake barua, ratiba za ibada na kadi za sherehe. Mteja wa kwanza huja kwa sababu ya ujirani. Wa pili huja kwa sababu ameona kadi ya mwenzake imeandikwa sawasawa, pamoja na herufi ambayo wengine hudai haiwezekani. Hali kadhalika mstaafu anayefikiria kufungua kibanda cha uchapaji ana wasaa wa kujifunza sasa, angali kazini, badala ya kungoja siku ya mwisho ya mshahara.

Wala mtu asijitwike mzigo mzima kwa siku moja. Juma la kwanza atengeneze njia tatu: ŋ ndogo, Ŋ kubwa, na kifupi cha anwani yake. Azitumie mpaka vidole vizijue bila kuulizwa. Juma la pili aongeze mbili. Mwenye njia ishirini asizozikumbuka ni sawa na aliyezunguka nyumba kutafuta chumvi.

Watoto nao waitwe mezani. Wana vidole vyepesi na hawaiogopi mashine. Mtoto apewe kazi moja ya jioni: aandike majina ya ndugu zake wote, ya babu na bibi, na ya ukoo, kila herufi mahali pake. Kisha mzee wa nyumba aisome orodha hiyo kwa sauti. Palipokosewa, pasahihishwe papo hapo, na karatasi itiwe katika bahasha pamoja na hati nyingine za familia. Siku moja karani atauliza, "Jina hili huandikwaje?" Karatasi itakuwapo ya kumjibu.